Waliokombolewa wa Kisarawe

Kutoka Kiwalani hadi Kisarawe si safari ya kufungasha chakula. Ukishika Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita Barabara ya Pugu, unapita Uwanja wa Ndege, unapita Gongo la Mboto, unapanda vilima vya Pugu, na kama foleni imekuhurumia unafika kabla jua halijawa kali. Washarika wengi wa mitaa hii wanajua kwamba Ulutheri wa Pwani una mizizi yake huko. Hata mwaka wanaujua, 1892, kwa sababu mwaka huo hutajwa kwenye historia fupi zinazosomwa siku za jubilei. Jambo linalopita kwa mstari mmoja tu, au lisilotajwa kabisa, ni watu gani waliokaa kwenye mabenchi ya mwanzo. Kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa waliokombolewa.

Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu kanisa lisilojua lilianza na nani huanza kujidhania kuwa lilianzishwa na watu wakubwa.

Shirika la misheni lililoleta Injili ya Kilutheri Dar es Salaam lilianzishwa Berlin mwaka 1886. Ndani ya jina lake mlikuwa na maneno “Afrika Mashariki ya Kijerumani”, na jina hilo halikuwa la bahati mbaya: baadhi ya walioliunda walikuwa karibu na Carl Peters na kampuni yake iliyokuwa ikijitwalia nchi hii kwa mikataba ya ulaghai. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Mji ulikuwa mdogo. Sultani Majid aliyeujenga alifariki mwaka 1870, na majumba yake mengi yalikuwa yameachwa yakibomoka. Lakini biashara ya watumwa ilikuwa hai. Ule mkataba wa Juni 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja, ulizuia kusafirisha watu baharini. Haukumweka huru mtu aliyekuwa tayari shambani kwa bwana wake, na kwenye mwambao huu wafanyabiashara walijua njia nyingine za nchi kavu.

Mwaka 1888 mambo mawili yalikutana. Huku Pwani, kampuni ya Kijerumani ilijaribu kuchukua forodha na utawala wa miji kutoka kwa watu wa Sultani, na watu wa Pwani wakaamka na silaha. Kule Ulaya, Kardinali Lavigerie alikuwa akihubiri vita dhidi ya utumwa, na mwezi Oktoba mkutano mkubwa ulifanyika mjini Cologne, Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa pamoja, kudai serikali ichukue hatua. Serikali ilichukua. Mwanzoni mwa 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Msomaji atazame vizuri hiyo “na” iliyo katikati. Kwa fedha hizo Hermann von Wissmann aliajiri askari, na vita ikaisha kwa Abushiri kunyongwa Pangani Desemba 1889.

Katika vita ile, Januari 1889, misheni ya Wabenediktini pale Pugu ilishambuliwa, wamisionari wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Pugu palikuwa na watumwa waliowekwa huru. Tumesikia historia hii ikisimuliwa kwa namna mbili: kwa wengine washambuliaji ni mashujaa waliotetea nchi, kwa wengine ni wafanyabiashara wa watumwa waliokasirika kunyang'anywa mali. Tunadhani walikuwa yote mawili, na mara nyingine mtu yule yule alikuwa yote mawili. Na wale waliokuja kuwazima walibeba neno uhuru kwenye bendera na nchi ya watu kwenye mfuko. Akina mama na watoto waliokuwa wakihamishwa kutoka mkono hadi mkono hawakuulizwa na upande wowote.

Baada ya vita Greiner alitafuta ardhi nje ya mji, na mwaka 1892 kituo cha Kisarawe kikaanza. Waliotolewa mikononi mwa wafanyabiashara hawakuweza kurudishwa makwao kwa urahisi. Mtoto aliyechukuliwa pande za Ziwa Nyasa au Manyema akiwa na miaka sita, akauzwa mara tatu njiani, hakujua jina la kijiji chake kwa namna ambayo afisa wa Kijerumani angeweza kukiona kwenye ramani. Wengine vijiji vyao vilikuwa vimekwisha kuchomwa. Misheni iliwapa viwanja, mashamba, shule na ubatizo. Wazaramo wenyewe, wenye nchi, walikuja taratibu zaidi, na wapo walioitazama misheni kama mahali pa watu wasio na kwao.

Hapo ndipo lugha yetu inapotufundisha jambo. Leo tukisema “uhuru” tunafikiria bendera na Desemba 9. Kwa Waswahili wa wakati ule, “huru” lilikuwa neno la sheria: mtu aliyeachwa huru na bwana wake. Lakini mtu kuwa huru hakukumfanya kuwa mwungwana. Uungwana ulikuwa kuzaliwa na watu, kuwa na ukoo, kuwa na mahali unapoketi mtu akija kukuposea binti. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, ameyaeleza haya katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapwa 1903. Anatofautisha mtumwa mjinga, yaani mgeni aliyeletwa karibuni, na mzalia aliyezaliwa hapa na kuijua adabu ya mji. Anaeleza kwamba mtumwa wa zamani hakuvaa kofia wala viatu. Mtu aliyeachwa huru angeweza kununua viatu siku ile ile; babu wa kumtaja barazani hakuweza kumnunua.

Na tuongeze hili, ingawa linatoka kidogo nje ya njia. Mtumwa, mtume na mtumishi ni watoto wa mzizi mmoja, kutuma. Mtumwa ni yule anayetumwa. Paulo, anapojitambulisha mbele ya Warumi, anajiita mtumwa wa Kristo na papo hapo mtume. Sisi tumezoea maneno hayo hata hayatuchomi tena. Lakini fikiria ibada ya Kisarawe, mwaka 1895 tuseme, mwalimu anafundisha kwamba Yesu ni Mkombozi. Kukomboa, kwa wale waliokaa chini, halikuwa neno la dini. Lilikuwa neno la sokoni na la familia: unamkomboa ndugu aliyewekwa rehani wakati wa njaa, unaikomboa mali, unajikomboa mwenyewe kwa fedha. Mtu aliyesikia kwamba ametolewa fidia ya damu alilielewa tendo lile kuliko tunavyolielewa sisi tuliolisoma chuoni. Na huenda pia aliuliza swali ambalo hatuliulizi: aliyenikomboa, je, sasa ndiye bwana wangu? Ataniruhusu niende?

Serikali ya Kijerumani, iliyoingia nchini kwa jina la kupinga utumwa, haikuufuta utumwa. Hili huwashangaza wengi tunapolieleza kwenye semina. Ilipiga marufuku biashara, iliwaadhibu waliokamatwa na misafara, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali mpaka Wajerumani walipoondoka. Sababu haikufichwa sana. Watawala waliwahitaji maliwali, maakida na wenye mashamba ya Pwani, na hao ndio waliokuwa na watumwa. Basi wakachagua njia ya polepole. Amri ya Kansela ya mwaka 1901 iliruhusu mtumwa kujinunua na kumpa siku 2 kwa juma za kufanya kazi yake mwenyewe. Amri ya Desemba 1904 ilisema watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Aliyezaliwa Novemba 1905 alibaki mtumwa, mdogo wake akawa huru, mama mmoja, kibanda kimoja.

Wanahistoria wanakadiria kwamba mwanzoni mwa karne ile koloni lilikuwa na watumwa wapatao 400,000. Hati za uhuru zilizotolewa bomani tangu 1891 hadi 1912 zilikuwa kama 60,000. Ukizitazama namba hizo mbili unaona wazi kwamba hati haikumfikia mtumwa mmoja kati ya watano. Wengine walipataje uhuru? Wengi kwa miguu yao. Reli ya Kati, hii inayopita jirani nasi, ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na ilihitaji vibarua. Mashamba ya mkonge na mpira yalihitaji vibarua. Mtumwa aliyechoka aliondoka usiku, akajiandikisha kazi kwa jina jingine, na bwana wake akabaki akilalamika bomani. Wengine walibaki palepale na kujadiliana: nitakulimia, lakini si kila siku, nitaoa ninayemtaka, mwanangu hutamgusa. Utumwa ulikufa hivyo, bila kengele. Tunalisema hili kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba uhuru uliletwa na mzungu akiwa ameushika mkononi.

Na kanisa lilisema nini wakati sheria ile inatungwa? Wapo wamisionari waliowatetea watu mmoja mmoja kwa ujasiri, wakagombana na maafisa. Lakini kama sauti ya pamoja ya Kilutheri ikisema utumwa ni dhambi na ukome sasa, hatuioni, na kuikosa hakukuanza Kisarawe.

Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani, ambao wengi wao walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya mabwana bila ruhusa ya kuhama wala kuoa wapendavyo, waliandika madai 12. Katika dai la tatu walisema Kristo amewakomboa watu wote kwa damu yake, mchungaji wa ng'ombe na mkubwa sawasawa, kwa hiyo haifai wawe mali ya mtu. Martin Luther, baba yetu katika imani, ambaye miaka 5 tu kabla alikuwa ameandika juu ya uhuru wa Mkristo kwa namna iliyotikisa Ulaya, aliwajibu kwamba wanaugeuza uhuru wa Kikristo kuwa wa kimwili, na kwamba hata Ibrahimu na mababa wengine walikuwa na watumwa. Tunampenda Luther na tunamfundisha. Katika jibu hili wakulima walikuwa wameisoma Injili vizuri kuliko profesa wao.

Jibu lile lilisafiri. Lilivuka bahari hadi Marekani ilipokuwa bado makoloni ya Waingereza. Huko Virginia sheria ya 1662 ilikuwa imeamua kwamba mtoto anafuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ni mwenye shamba mwenyewe. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa Pwani yetu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alizaliwa huru na kurithi. Hatusemi hivyo ili kuusifu utumwa wa Pwani, maana suria hakuulizwa kama anataka kuwa suria. Tunasema ili ionekane kwamba hata watu wenye dhambi moja huichora mipaka yake tofauti. Kisha mwaka 1667 Virginia ikatunga sheria nyingine: ubatizo haubadilishi hali ya mtumwa. Wenye watumwa walikuwa na hofu kwamba ndugu katika Kristo hawezi kuuzwa, na bunge lao likawatuliza. Kwa mchungaji, ile ni sheria ya kutisha kuliko nyingi, kwa sababu iliwaruhusu mabwana kupeleka watu kwenye maji ya ubatizo bila kuogopa lolote.

Katika koloni la Georgia walikuwepo Walutheri. Walikuwa wakimbizi kutoka Salzburg, waliofukuzwa na askofu mkuu wa huko kwa ajili ya imani yao, wakafika Georgia mwaka 1734 na kujenga kijiji cha Ebenezer. Mchungaji wao aliitwa Johann Martin Boltzius. Georgia ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1735, na majirani walipoanza kudai sheria hiyo iondolewe, watu wa Ebenezer waliandika mwaka 1739 kuomba ibaki. Walikuwa wanalima kwa mikono yao na waliona wanaweza. Boltzius alisimama imara kwa miaka kadhaa. Kisha shinikizo likazidi, mashamba ya majirani yakastawi kwa jasho la Waafrika, na kutoka Augsburg mlezi wao Samuel Urlsperger akamjibu kwamba kuchukua watumwa kwa imani, kwa nia ya kuwaongoza kwa Kristo, si dhambi. Marufuku iliondolewa kuanzia 1751. Ebenezer nayo ikawa na watumwa. Watu waliofukuzwa makwao kwa ajili ya Neno la Mungu, ndani ya miaka 20 wakawa na watu waliofukuzwa makwao kwa minyororo, na mkono uliowafungulia mlango ulikuwa wa kichungaji.

Hatuna haja ya kuwahukumu kwa dharau. Tunaona tu jinsi sababu ile, “tutawaongoza kwa Kristo”, inavyoweza kubeba mzigo wowote unaowekwa juu yake.

Turudi Kisarawe, maana kule hakuna aliyeuzwa na hilo ni jambo kubwa. Wamisionari walizuia watu wasirudishwe utumwani, wakawafundisha kusoma, wakawazika kwa heshima na sala, kitu ambacho mtumwa aliyefia njiani hakukipata. Hata hivyo maisha ya kituo cha watumwa waliokombolewa, Kisarawe kama kwingineko Pwani, yalikuwa na kengele, zamu za kazi, sheria za nani aoe nani, na adhabu ya kufukuzwa. Mmisionari alikuwa mchungaji, hakimu na mwenye ardhi. Bagamoyo, ambako Wakatoliki walianza kijiji chao mwaka 1868, na Freretown karibu na Mombasa, ambako Waanglikana walianza 1875, habari ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Pale Rabai wamisionari walibanwa na wenye watumwa wakidai watoro wao, mpaka Januari 1, 1889, kampuni ya Kiingereza ilipolipa fidia na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati kwa siku moja. Aliyewalipia naye alikuwa akitafuta koloni. Yaonekana ilikuwa vigumu sana zama zile kumpata mtu wa kukukomboa ambaye hakutaka kitu.

Na wakati hati zinaandikwa, utumwa wa namna nyingine ulikuwa unaingia kwa mlango wa serikali. Tangu 1902, wilaya ya Dar es Salaam, ambayo ndani yake imo Uzaramo, ililazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja, siku 28 kwa mwaka kwa kila mtu mzima, chini ya maakida na kiboko. Malipo yalikuwa madogo hata wapo waliokataa kuyapokea. Mwaka 1905 ikalipuka Maji Maji. Mwungwana wa Kizaramo aliyemtazama kwa jicho la pembeni yule “mtu wa misheni asiye na kwao” sasa alisimama naye mstari mmoja akihesabiwa siku za kazi.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, kwa sheria ya Waingereza. Unguja hali yake kisheria ilikuwa imefutwa 1897, lakini masuria waliachwa nje mpaka 1909. Katika miaka ya vita vya kwanza vya dunia na baada yake, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa, walimu na wazee Waafrika ndio walioushikilia Ulutheri wa Pwani usizimike. Lile kanisa la watu wasio na kwao lilikuwa limekwisha kuwa kwao.

Yote haya ni ya zamani, lakini hayajaisha. Tumeketi katika vikao vya posa ambapo mzee anavuta pumzi na kuuliza, kwa sauti ya chini, “hawa asili yao hasa ni wapi?” Na kila aliyepo anajua anachouliza. Tumesikia washarika wakitaniana kwa maneno ambayo babu zao wangeyaficha. Na tuna mabinti wa kazi za ndani.

Hatusemi kwamba binti wa kazi ni mtumwa. Analipwa, na anaweza kuondoka. Lakini mwaka mmoja, katika usharika mmoja tuliouhudumia, binti wa miaka 15 aliyeletwa mjini kutoka bara aliomba kuandikwa darasa la kipaimara. Mwenye nyumba, msharika mzuri mwenye kutoa ahadi zake kwa wakati, alisema Jumamosi ni siku ya kufua. Alisema pia mshahara wake anamtunzia yeye, kwa kuwa bado mdogo. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa kwamba anamlea, na kwa kiasi fulani alikuwa anamlea.

Jambo lilifika kwenye baraza la wazee na likachukua muda mrefu kuliko ajenda ya paa. Mzee mmoja alisema hatuwezi kuingilia nyumba ya mtu. Mama mmoja, ambaye bibi yake alizikwa Kisarawe, akauliza kama ndivyo walivyosema na wale waliomficha bibi yake. Hakuna aliyemjibu. Ikaamuliwa darasa liwe na kundi la Jumapili mchana, na mchungaji na wazee wawili wazungumze na mwenye nyumba habari ya mshahara, ambao tangu mwezi ule ulianza kutumwa kwa simu ya binti mwenyewe. Kisha ikaja fomu. Ina nafasi ya jina la mzazi au mlezi, na katibu alikuwa ameshaandika jina la mwenye nyumba. Binti aliomba kalamu, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jina la mama yake na kijiji chao, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, jina la kijiji likaenda mpaka ukingoni mwa karatasi.